Euphrasia Magesa na Mashine Isiyotaka Wageni

Wasikilizaji wapendwa wa Musoma, Bunda na Butiama, wewe unayeanika dagaa na wewe unayesubiri abiria kwenye bodaboda, hebu sogeeni. Leo tunamkumbuka mhandisi Euphrasia Magesa, binti wa Nyamuswa, tuliyemzika Jumamosi.

Euphrasia alibuni spektrografu. Msilikimbie neno. Kaka yake Boniphace aliiita mashine ya kupepeta mwanga, na hakukosea. Mwanga wa nyota hafifu unaingia, unatandazwa rangi kwa rangi, mwembamba kabisa, mpaka ijulikane nyota ile imeumbwa kwa vitu gani. Kupepeta mwanga, basi.

Ila mashine hiyo ina masharti kushinda mganga. Haitaki mtikisiko. Haitaki joto, hata la miili ya watu. Chumba kikipata joto kidogo tu, vipimo vinahama.

Sasa, spektrografu yake ya kwanza ilikuwa kwenye majaribio ya mwisho, huko Afrika Kusini, mama yake alipofika kumtembelea. Bi Helena, na shangazi wawili, na samli. Euphrasia aliyajua masharti, aliyaandika mwenyewe. Lakini mtoto wa Nyamuswa amwache mama yake mlangoni? Akafungua. Wakaingia, wakashangaa, na shangazi mmoja akaiwekea mashine mkono, akaiombea. Nanyi mnazijua sala za shangazi zetu, si fupi.

Vipimo vya nyota iliyosubiriwa msimu mzima vikaharibika.

Wakubwa wakamwita. Mradi ulikuwa unamponyoka. Aliwaambia kwamba mlango aliufungua yeye, kosa ni lake, wageni wasiguswe. Jioni akarudi kwa mama yake, akala, akacheka.

Wakampa nafasi moja ya mwisho. Wenzake walitaka kufuli kubwa. Euphrasia akawajibu kwamba kufuli ni la watu wasio na ndugu. Akaiweka mashine ndani ya pipa lisilo na hewa, pipa ndani ya chumba, chumba ndani ya chumba kingine. Na nje kabisa, sebule yenye viti na dirisha la kioo la kutazamia ndani. Vipimo vikatulia. Nyota hafifu zikasomeka, na mradi ukabaki mikononi mwake.

Haya yote, wasikilizaji wapendwa, Bi Helena ameyajua juzi tu, msibani, kutoka kwa Samweli, fundi aliyefanya kazi na marehemu. Tulimkuta Bi Helena mtaa wa Kamunyonge, akacheka huku anafuta machozi.

“Nilirudi kule, nikakaa kwenye ile sebule, nikanywa chai,” alituambia. “Nilikuwaga nadhani ameweka viti vya urembo. Kumbe alitujengea sisi. Mnanipa pole, wanangu, nazipokea. Lakini mimi niko na asante.”

Bi Helena, Boniphace, na ukoo mzima wa Magesa, poleni sana. Mungu awatie nguvu, naye Euphrasia apumzike kwa amani.

Nasi tuliobaki tujiulize: nani alishawahi kutubebea kosa letu, akakaa na sisi mezani, akala, wala hatukujua? Kama bado yupo hai, leo ni siku nzuri ya kumpigia simu.