Jasho la Kazini

Benchi la Fundi Viatu limeegemea ukuta wa stoo ya saruji. Kila alasiri, jua likishauhama ukuta huo, wenye dunia yao huja kulikalia. Wako watatu. Fundi mwenyewe, mzee wa kanisa, hubishana huku akishona. Profesa alipewa cheo hicho kwa kurudia darasa la mwisho mara tatu, kila mara akitoka na hoja mpya. Injinia alifungua redio ya jirani aitengeneze miaka minane iliyopita, na jirani bado anaiulizia. Chupa ya kahawa ni ya Profesa, ndiyo maana haambiwi anyamaze.

Siku hiyo Fundi alikuwa na jambo. Jumapili alipangiwa kufundisha juu ya Neno kufanyika mwili, na semina ilimpa kijitabu cha namna Wakristo wa mwanzo walivyovutana: hawa wakisema Bwana alikuja na mwili kweli, wale wakisema ni mwili wa kuonekana tu, ndani hamna kitu. Aliwasomea wenzake ukurasa mzima kwa sauti yake ya kanisani, ambayo nyumbani mkewe hajawahi kuisikia. Kisha akauliza kama Bwana alinuka jasho.

— La bustanini limeandikwa, alisema. Nauliza la kazini. Mtu kapiga randa tangu asubuhi. Kwapa linanuka au halinuki?

Injinia alikataa katakata. Kwa maelezo yake Bwana alikuja kama matangazo ya redio: sauti unayo chumbani, mtangazaji hayumo.

— Na ile misumari waliipigilia kwenye matangazo? aliuliza Profesa.

Injinia akaomba aongezewe kahawa.

Profesa alimimina, akachukua zamu. Roho, alieleza, huenda kwa Mungu kwa kupanda orofa saba, na kila orofa ina mlinzi. Kwa mlinzi wa kwanza unaacha njaa, kwa wa pili usingizi, hivyo hivyo mwili unapungua, hata ukifika juu umebaki akili tupu. Yeye, bila kujisifu, alikuwa ameshafika ya tano.

— Mdomo unaachwa ya ngapi? Fundi aliuliza.

Injinia, kwa kulipiza, akasema orofa ni nane, ya mwisho ni ya mafundi umeme. Wakazozana juu ya hesabu hiyo kama waliowahi kuzipanda.

Fundi aliwakatisha. Alisema Bwana aliutwaa mwili wote, na kikohozi chake na vidonda vyake. Kama kuna sehemu aliyoiruka kwa kinyaa, basi sehemu hiyo bado haijaokolewa.

— Kwa Mungu hatuendi kwa kuukimbia mwili, jamani. Mwenyewe kauingia.

Maneno yalimpendeza mno, akayaandika juu ya boksi la gundi yasije yakampotea kabla ya Jumapili.

Ambalo hakuliandika ni hili. Mtaa wa nyuma, kaka yake mkubwa alikuwa kitandani kwa mwezi wa nne sasa, kiharusi kimemlaza upande mmoja. Fundi alifika kila jioni. Alisimama mlangoni, pazia mkononi, akaomba sala ndefu yenye machozi ndani yake, akaondoka kabla harufu haijamfikia vizuri. Yeye ambaye kutwa nzima anatia pua kwenye viatu vya watu asiowajua. Alijiambia ana kifua chepesi, na kwa kuwa alijiambia akiwa amepiga magoti, aliamini.

Mke wa kaka alikuja wakiwa wanagombea tone la mwisho la kahawa. Aliwasalimu, akasimama kuwasubiri wamalize. Profesa akamkaribisha awaamulie.

— Mimi nina swali moja tu, alisema mama yule. Shemeji, leo utaingia ndani?

Injinia akachungulia kikombe chake. Profesa alikohoa, akasema hilo ni swali pana.

— Si pana. Chumba chenyewe kidogo.

Fundi alitaka kusema ana viatu vya watu. Kiatu kilichokuwa mkononi mwake kilikwisha kushonwa tangu saa sita.

— Kaka yako anasema nikuache, una shughuli za kanisa, aliendelea. Lakini amepata kidonda mgongoni, na mimi peke yangu simgeuzi tena. Kiuno kimekataa.

Profesa alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo, akakifunga kitupu.

Fundi akaweka kiatu chini, akanyanyuka. Alimfuata shemeji yake hatua kumi nyuma, midomo ikichezacheza, maana hata njiani alikuwa anapanga maneno ya kufungulia. Mlangoni mama yule alivuta pazia, akasogea kumpisha atangulie.

— Leo usianze na sala, shemeji. Vua shati, mshike chini ya kwapa, umgeuze upande wako. Mimi nitamwosha.