Mama Gambuti Anatoka Kinamasini

Baada ya miaka ishirini na saba ya kulinda kinamasi chetu, Mama Gambuti anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Sakafu ya ofisi, iliyobeba tope la gambuti zake miaka yote hiyo, inasherehekea kimyakimya.

Aliajiriwa kama mtaalamu wa mimea mwaka ule udongo wenye sumu ulipozolewa kwenye kiwanda cha zamani cha ngozi, likabaki shimo tupu. Kazi yake ilikuwa kurudisha matete na mafunjo, kisha kuyachunguza kila msimu. Wabishi wote wa ofisi hii aliwashinda akiwa amezama hadi magotini.

Hata hivyo, haondoki bila kukumbushwa. Siku moja aliamka na hasira na ndago, yale magugu sugu, akang'oa kitalu kizima kabla ya chai. Kumbe ni miche ya mafunjo tuliyoipanda sisi wenyewe! Yakiwa machanga, hayo mawili ni kama mapacha. Alivyoililia miche ile, dereva wetu alikuja kumpa pole ya msiba. Jumapili akapanda upya, peke yake, kisha akaweka sheria: hakuna kung'oa chochote mpaka watu wawili wakubaliane, na yeye ahesabiwe nusu mtu.

Wakubwa walipoona kijani, walitangaza kinamasi kimepona, wakaalika wageni. Mama Gambuti akasema kijani kile ni magugumaji, na wasaidizi wake wawili wakakubali. Wakayaondoa yote. Wageni wakakuta tope, mkurugenzi akanuna mwezi mzima. Lakini nani kasema kijani ndiyo uzima? Hata ukungu wa mkate ni kijani! Mafunjo ya leo, na ndege waliorudi humo, yametokana na ubishi ule.

Mwaka huu ikasemwa kwamba akiondoka nafasi yake ifutwe. Eti kinamasi kimekua, kijilee. Upuuzi mtupu. Magugumaji hayastaafu. Kamati ya zawadi ilipomuuliza anataka kochi au friji, alijibu mbele ya mkurugenzi kwamba anataka mtu wa kushika kazi yake, na hilo friji apewe huyo mtu. Ukumbi mzima ukacheka. Mkurugenzi akacheka mwisho, kwa shida, kisha akakubali. Mtaalamu mpya, binti mwenye mdomo kuliko yeye, anaanza Jumatatu.

Ahsante sana, mama. Ustaafu wako uwe mwema, soksi zako zikae kavu, na siku utakapokuja kukagua, maana tunajua utakuja tu, binti huyo akubishie mpaka ufurahi.