Bwana Caetano Lobo na Ugomvi wa Kofia ya Kadinali

Mpaka Jumatatu hii sikuwa nimemwambia mtu jambo hili: insha yangu iliyopata zawadi shuleni mwaka jana niliinakili kwa Bwana Caetano Lobo, anayestaafu tarehe 30 Juni 1989 baada ya miaka ishirini katika maktaba ya mtaa wetu, Kingsbury.

Bwana Lobo ni Mgoa mzaliwa wa Nairobi. Alikuwa karani wa reli kabla ya kuhamia London na mkewe mwaka 1968. Ndiye aliyeanzisha rafu ya vitabu vya Kiswahili na Kigujarati. Wazee wetu wa Kizanzibari wakibishana juu ya gazeti lililochelewa wiki tatu, hakuwanyamazisha, aliwaongezea viti.

Wakati wa chakula cha mchana aliandika historia. Wazee wake wa Goa walitawaliwa na Ureno, naye alitaka kujua kwa nini mfalme wa Ureno, Mkatoliki safi, aligombana na Papa wa Roma. Mfalme alimtakia balozi wa Papa nchini mwake kofia nyekundu, alama ya cheo cha ukadinali. Papa akakataa. Mfalme akawaamuru watu wake wote waondoke Roma.

"Wakatoliki wawili, Mardhiya, na kofia moja!" aliniambia, akacheka mpaka Bi Pramila wa mapokezi akatutazama.

Aliniazima daftari lake. Nilinakili kurasa tano, nikatia jina langu, na jarida la shule likazichapa. Jarida hilo huletwa maktaba.

"Umeandika vizuri, binti," alisema Bwana Lobo alipolisoma. "Ila ugomvi ule ni wa mwaka 1728. Mimi nilikosea nikaandika 1782, na wewe umekosea vilevile."

Sikurudi tena kwa miezi minane. Nilipomwona Kingsbury Road, nilivuka barabara. Nasikitika kwamba miezi hiyo ilikuwa ya mwisho kwake kazini.

Bwana Lobo, ahsante kwa kila kitabu. Mungu akupe afya, na mchana mrefu wa kuandika bila kengele ya kazi.

Jumatatu nilimrudishia mwalimu wa historia cheti cha zawadi ile, nikamweleza. Kisha nilikwenda maktaba, nikamwomba radhi Bwana Lobo mbele ya Bi Pramila, nikamwomba na ruhusa ya kuichapa kazi yake, akanipa. Sasa nachapa historia yake yote kwa mashine ya baba, kwa jina lake. Nimefika ukurasa wa thelathini na moja.