Dakika Ishirini Mpaka Maporomokoni

Ndugu wafiwa, majirani, viongozi wa halmashauri, na ninyi wageni mliopanda mlima tangu asubuhi kuja kulia pamoja nasi, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni mdogo wake marehemu, wa tumbo moja, na familia imenichagua nisome habari za maisha yake kwa sababu, walisema, mimi ndiye niliyetembea nyuma yake miaka mingi kuliko mtu mwingine yeyote, na hilo siwezi kulikana, maana mgongo wa kaka yangu niliuona zaidi kuliko uso wake.

Kaka yetu, ambaye mji mzima ulimwita Hapo Tu, alizaliwa tarehe 3 Mei 1951, katika nyumba ya mabati mekundu iliyo juu ya kinu cha kusagia nafaka, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba yetu mwashi na mama yetu mkulima wa kabichi. Mama alisimulia mpaka anakufa kwamba mtoto huyo alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na kwamba siku ya pili ya kutembea alikutwa nyumba ya nne, amekaa mlangoni, anasubiri kukaribishwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, shule ikiwa ng'ambo ya bonde, akamaliza Novemba 1966, na cheti chake, ninacho hapa, kinaonyesha hesabu wastani, jiografia vizuri sana, na kuchelewa hakuna hata siku moja, wakati changu mimi, niliyeanza miaka miwili baadaye na kutoka naye nyumbani dakika ileile kila asubuhi, kinaonyesha kuchelewa mara arobaini na moja kwa mwaka mmoja. Mwalimu mkuu alishindwa kuelewa inakuwaje, mimi nilielewa vizuri sana.

Tarehe 1 Februari 1970 aliajiriwa posta, kazi yake ikiwa kupeleka barua katika nyumba za miteremkoni ambako gari halifiki, na kwa miaka sita alipanda na kushuka milima hii akiwa na mkoba begani, jua lichome, mvua inyeshe, mpaka miguu yake ikakomaa kama ya mbuzi. Hapo ndipo alipopata jina lake, kwa sababu mtu yeyote aliyemuuliza mahali fulani ni mbali kiasi gani, hata kama ni nyuma ya milima miwili, alielekeza kwa kidevu na kujibu kwamba ni hapo tu, na hakuwa anamtania mtu, kwake ilikuwa hapo tu kweli.

Tarehe 12 Juni 1976 halmashauri ilifungua ofisi ya kupokea wageni, chumba kimoja kando ya stendi, chenye dirisha moja na meza iliyowekewa kigae chini ya mguu mmoja ili isicheze, na kaka akachaguliwa kuwa mwongoza wageni wa kwanza wa mji huu. Alikabidhiwa ubao wa mita tatu na mkebe wa rangi nyeupe, akaambiwa aandike mambo ya kuona na kufanya hapa kwetu, pamoja na muda wa kila jambo, naye akaandika kwa mkono wake: maporomoko ya maji, dakika 20, pango la popo, dakika 30, chemchemi ya maji moto, dakika 15, beba taulo, daraja la kamba, dakika 10, msivuke wawili kwa pamoja, mnara wa redio, dakika 45, upepo ni mkali shika kofia, kinu cha zamani, dakika 5, mwenye kinu anapenda kusalimiwa. Hakuna alichodanganya, alipima kila njia mara tatu kwa saa ya mkononi, kosa lake ni moja tu, alipima kwa miguu yake mwenyewe.

Tarehe 22 Septemba 1979 alifika hapa kwa basi la asubuhi fundi cherehani mmoja kutoka mji wa bondeni, akausoma ubao, akapiga hesabu kwamba dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi zinamtosha kula na kuwahi basi la saa nane mchana, akaenda maporomokoni, na baada ya saa moja na nusu alikuwa amekaa juu ya jiwe nusu ya njia, kiatu kimoja mkononi, akiapa kwamba aliyeandika ubao ule akimpata atamzaba kibao. Marehemu alikuwa anapita na wageni wengine, akampa pole, akamwambia ubao uliandikwa na mzee mmoja ambaye bahati mbaya ameshafariki, na yule fundi, kwa kuwa aliporudi stendi basi lilikuwa limeondoka, akalala mjini, na siku ya tatu akamkuta huyo mzee aliyefariki yuko juu ya ngazi, anapaka upya herufi zilizofifia. Walifunga ndoa tarehe 18 Aprili 1981, na walipotoka kuandikisha ndoa kwenda ukumbini bwana harusi alifika peke yake, ikabidi arudishwe akamfuate bibi harusi.

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto wanne, wa kiume mmoja aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1982, ambaye leo ni dereva wa lori, na wa kike watatu, waliozaliwa tarehe 30 Julai 1984, tarehe 11 Desemba 1986 na tarehe 5 Mei 1990, huyu wa mwisho ndiye mwongoza wageni wetu wa sasa, na marehemu ameacha wajukuu tisa ambao wote, namshukuru Mungu, wanatembea kama watu wa kawaida.

Sasa niseme jambo ambalo kila aliyeingia nyumba ile analijua. Wifi yangu alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba hajawahi kutembea na mume wake, anatembea nyuma ya mume wake, iwe sokoni, iwe hospitali, iwe harusini, akifungua kinywa kumsemesha anakuta mwenzake ameshakata kona ya pili. Mwaka 2001 goti lake la kulia lilipoharibika, lalamiko likawa kidonda, akaacha kabisa kutoka naye, akabaki kwenye chumba chake cha cherehani, na siku moja, akiwa anapiga pasi kola ya shati la mume wake, aliniambia kwamba hataki makubwa, anataka siku moja tu mwanamume huyu amsubiri. Nililia siku ile. Kaka alimpenda mkewe, hilo nalisema mbele za watu, ila kusubiri hakukujua, alikuona kama aina ya ugonjwa.

Mwaka 2004 malalamiko ya wageni yalipozidi, mkurugenzi mpya wa halmashauri aliagiza ubao urekebishwe au ung'olewe, na kaka akakataa katakata, akataka apimwe hadharani, hivyo tarehe 8 Machi, saa tatu kamili asubuhi, waliondoka wote wawili stendi huku sisi tukishangilia. Marehemu, akiwa na miaka hamsini na miwili, alifika maporomokoni kwa dakika ishirini na moja, na mkurugenzi akafika saa tano kasoro dakika ishirini, koti begani, na ubao ukabaki palepale, isipokuwa kwa chini yaliongezwa maneno kwamba muda umepimwa kwa miguu ya mwandishi. Mji mzima ulisherehekea, wifi hakuja.

Alistaafu tarehe 3 Mei 2011, na afya yake ilianza kutetereka Oktoba 2019, madaktari wakagundua kwamba moyo umetanuka, na daktari wake akamwambia kwamba akitaka kuishi atembee, lakini atembee mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza njia nzima bila kuhema. Kaka alifikiri sana, akasema anamjua mtu mmoja tu anayezungumza njia nzima, akarudi nyumbani, akasimama mlangoni mwa chumba cha cherehani na fimbo ya kutembelea mkononi, akamwomba mkewe watoke.

Tangu siku hiyo walitoka kila asubuhi, bega kwa bega, wifi akizungumza miaka thelathini na minane ya mambo aliyokuwa hajapata wa kumwambia, na kaka akawa anakuja kwangu jioni akishangaa kama mtoto, kwamba kuna ukuta wa shule ambao ukikaa juu yake unaona ukungu ukitoka bondeni mpaka unayafunika mapaa, kwamba fundi seremala wa mtaa wa juu anaimba vibaya sana, kwamba njia ya chemchemi ina maua ya zambarau pembeni, na yote haya yalikuwa hapo siku zote. Aprili 2022 aliushusha ubao, akaupaka upya wote, wifi akimshikia mkebe, na sasa mkipita stendi mtasoma kwamba maporomoko ni mwendo wa saa mbili, mpumzike kwenye jiwe.

Julai mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na tarehe 17 Agosti 2024, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia akiwa na miaka 73, miezi mitatu na siku kumi na nne, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi na kutupikia, wafanyakazi wenzake wa posta na wa halmashauri, pamoja na mkurugenzi mstaafu, ambaye naambiwa amepanda leo kwa miguu.

Mwisho, marehemu aliacha karatasi, niliikuta mfukoni mwa koti lake, naisoma kama ilivyo. Kutoka nyumbani mpaka makaburini, saa moja na dakika kumi, nimepima mara tatu nikiwa na mama watoto. Yeye atangulie, mimi nibebwe nyuma yake, na mtu asimharakishe.

Vijana mtakaobeba, mmesikia. Wifi yangu, inuka, njia ni yako, na wewe kaka, pumzika kwa amani.