Delfina Moyano na Jiwe la Mgawo

Ndugu waombolezaji, majirani wa tawi la juu na wa tawi la chini la mfereji wetu, mimi ni Rufino Moyano, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi hii ingawa inajua kwamba ulimi wangu hauna breki, kwa hiyo mtanivumilia.

Dada yetu Delfina Moyano alizaliwa tarehe 14 Mei 1949 hapa Los Chañares, mkoani Mendoza, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Fidel Moyano, mgawa maji wa mfereji huu, na marehemu Olinda Bustos. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1956 hadi 1962, kisha sekondari San Carlos, na mwaka 1968 akaenda San Juan kusomea uhandisi wa maji, akahitimu Desemba 1974, baba akachinja mbuzi wawili, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya ubatizo wangu.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika maabara ya maji ya chuo kikuu, akafanya kazi humo hadi alipostaafu mwaka 2011, akichunguza namna maji yanavyosukasuka katika mifereji ya wazi, na jinsi uso wake unavyoinuka, kujikunja na kutulia kulingana na kilichopo chini. Tarehe 20 Novemba 1976 alifunga ndoa na Baudilio Arce, mkulima wa mipichi, wakajaliwa watoto wawili, Gaspar na Marisol, na shemeji yetu hakuchoka kulalamika, "Huyu hata supu anaitikisa kwanza aone mawimbi!"

Majira ya baridi ya mwaka 1984, mfereji ukiwa mkavu kwa usafi wa kila mwaka, tuliumwagia zege kwa mchoro wa Delfina, na lile jiwe la zamani lililogawa maji pale kwenye kona tukaling'oa na kulitupa ukingoni, tukajenga ukuta wa saruji wenye midomo miwili iliyolingana kwa upana. Maji yalikuja mbio kuliko zamani, tukapiga makofi, lakini kiangazi kilipofika mizabibu ya tawi la chini ikaanza kukauka, huku tawi la juu likiwa na maji ya kumwaga. Hakuna aliyelaumu zege, alilaumiwa mgawa maji. Severo Lucero wa tawi la chini, ambaye amekaa pale mbele na anajua ninachosema, alisimama mkutanoni akamwambia baba, "Fidel, midomo ni sawa kwa sawa, sasa yetu yanakwenda wapi? Unayauza, bwana!" Baba alirudisha ufunguo wa lango, akaacha kazi, na tarehe 9 Agosti 1988 alifariki akiitwa mwizi, nami nilimchukia Severo kwa moyo wangu wote.

Delfina aliijenga kona yetu upya maabarani, ndogo, yenye kuta za vioo, akaliona kosa lake: juu ya zege laini maji hukimbia, na yakifika konani huupanda ukuta wa nje huku yakijisokota, kwa hiyo mdomo wa nje, ule wa tawi la juu, humeza zaidi, wakati zamani mawe ya chini yaliyapunguzia mbio. Septemba 1991 alituita sote konani, akamwaga kikapu cha maua ya mipichi juu ya maji, nayo yakasogea upande mmoja, yakaingia karibu yote tawi la juu. Akasema, "Kosa ni langu. Baba hakuiba." Severo alivua kofia, akauliza, "Sasa samahani tumwombe nani?" Mwaka uliofuata tuliuhamishia mgawo chini zaidi, mahali mfereji uliponyooka na uso wa maji umetulia, na Severo ndiye aliyewahi kufika na sururu.

Mwaka 2020 dada alianza kuugua moyo, akatibiwa Tunuyán. Januari mwaka huu aliomba tumpeleke mgawoni kwa kiti cha magurudumu, akatuonyesha mahali maji yalipochomoza kama uji unaotokota, akasema, "Pale chini kuna jiwe, litoeni." Tukambishia, kwani tulikuwa tumesafisha Julai. "Haya, bisheni," akasema. Alifariki tarehe 3 Machi 2022, alfajiri.

Jana, lango likiwa limefungwa kama ilivyo desturi yetu tunapomzika mtu wa mfereji, wana wa Severo waliingia mahali pale pakavu, wakalikuta jiwe la zamani la mgawo, lenye alama ya patasi ya baba, lililoporomoshwa na mafuriko ya Desemba kutoka kule ukingoni tulikolitupa. Mzee Severo, na miaka yake tisini, alilisukuma pamoja nao hadi hapa, kati ya kaburi la baba na hili lililo wazi, akavua kofia, akasema, "Fidel, hukuiba. Nisamehe." Nililia, sioni haya kusema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa maabara, na majirani wa matawi yote mawili, mliopika, mliokesha na mliochimba. Tukimaliza kuzika, lango litafunguliwa, na kila tawi litapata haki yake.

Pumzika kwa amani, dada, na wewe baba, kuanzia leo.