Kiti cha Pindo na Swali la Ofisini

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, na kahawa tunanunua birika zima tukagawana. Asubuhi ile Pindo, fundi cherehani, hakugusa kikombe. Mkewe alipoishiwa nguvu za miguu, Pindo alimtengenezea kiti: ukiegemea nyuma na kurudi mbele, vyuma vya chini vinazungusha gurudumu la cherehani, mikono inabaki huru kushika kitambaa. Mama yule amerudi kushona, Mungu ashukuriwe. Ila jana muuza samani mmoja alikuja na rula, akakipima kila upande, akaondoka bila kuuliza bei.

— Kapima mpaka misumari, alisema Pindo. Atavijaza dukani, na kwa bei yake hakuna mgonjwa atakayevigusa.

— Mshtaki! alifoka Spika, muuza simu, ambaye hata salamu huitoa kwa kelele.

— Kwa karatasi gani?

— Inaitwa hataza, alisema Profesa, mwalimu mstaafu. Ukiwa nayo, hakuna wa kukitengeneza bila ruhusa yako. Lakini mwanasheria wake, bwana wee, uza nyumba.

— Nyumba yenyewe ya kupanga.

— Basi kifiche, alisema Spika. Vyuma peleka kwa shemeji, mbao kwa mama mkwe.

— Na mke wangu akalie nini, wewe?

— Ongeza chuma kisicho na kazi, alisema Profesa. Mwizi akiiga, aige na upuuzi.

— Kila anayekitazama aapishwe! Akikiiga, mgongo umpinde! alifoka Spika.

Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana Pindo alikuwa anafuta macho.

Hapo akafika binti wa dada yake Pindo, akitoka ofisi ya kusajili uvumbuzi alikotumwa kuulizia.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Wamesemaje?

— Mjomba, kumbe si lazima uanze na mwanasheria. Unaweka maombi ya mwanzo: mchoro, maelezo ya kinavyofanya kazi, na ada ndogo, haifiki hata bei ya jora la kitambaa. Wanakuandikia tarehe. Atakayekuja baada yako, kachelewa. Mengine unamalizia ndani ya mwaka.

Pindo alishasimama.

— Twende!

— Subiri, mjomba. Kuna sharti. Kiwe hakijawahi kuonyeshwa hadharani. Wameniambia nikuulize: nani amekiona?

Sisi hapa tuna desturi yetu: mwenzetu akitengeneza kitu, lazima kije benchini, kijaribiwe, kisifiwe. Wiki iliyopita kiti kilishinda hapa barabarani kutwa nzima. Na aliyekuwa akiwaita wapita njia, “Njooni muone akili ya ndugu yetu,” ni mimi, Mungu anisamehe. Nilijiona kama nimekiunda mwenyewe.

— Mtaa mzima, alisema Profesa.

— Na video nilituma kwenye kundi la simu, alisema Spika, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilitaka upate wateja, kaka. Wallahi.

— Kundi lina akina nani? binti aliuliza.

— Siwajui wote.

— Na wao wamemtumia nani?

Spika alitazama simu yake. Pindo alikaa tena, taratibu. Nikainamisha kichwa niombe, nikakosa pa kuanzia.