Santuri Thelathini na Moja za Mzee Pacifique

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jumuiya yetu hapa La Rochelle, Johannesburg, Mchungaji na wazee wa kanisa, Mama Marcelline mke wa mzee wetu wa leo, ndugu wageni waalikwa mliotoka Malvern hadi Diepsloot, nanyi watoto wetu mnaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kizulu: habari za mchana.

Nimeombwa nimsifu Mzee Pacifique, anayestaafu muziki leo akiwa na miaka themanini na minne. Nimeombwa pia, kwa karatasi, nisiguse miaka yake ya dansi. Mimi fundi cherehani. Mteja akiniletea kitambaa kidogo kuliko mwili wake, huwa namwambia.

Huyu aliongoza bendi ya cha-cha-cha na bolero kule Bukavu kabla hajatimiza miaka ishirini na mitano. Aliimba Kihispania asichokijua. Maneno aliyaokota redioni, yaliyopungua akayatunga. Miaka mingi baadaye, hapa Johannesburg, daktari mmoja Mkuba alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mzee, hii lugha gani?" Pacifique akamjibu, "Kihispania cha Bukavu, Daktari. Ninyi wa kule mmekisahau." Mpakani askari walishuku ngoma zake zina magendo, akapiga, wakacheza, wakamgongea muhuri mpiga tarumbeta kwenye kiganja, maana pasipoti hakuwa nayo.

Mnacheka. Vizuri. Sasa niambieni: santuri zake ziko wapi?

Alikuwa nazo arobaini na tatu, alizorekodi ujanani, akazivusha mipaka minne. Alipolazwa mwezi wa tatu kwa ajili ya nyonga, ninyi wazee wa kanisa, mkiongozwa na ndugu yangu Damien aliyeketi pale mbele, mlikwenda kusafisha nyumba ili apone, kwa kuwa jirani mmoja aliota kwamba santuri za dansi ndizo zilizomwangusha. Mama Marcelline alikuwa hospitalini kwa mumewe. Mkatoa uani santuri thelathini na moja, mkazivunja kwa nyundo. Nyonga, ndugu zangu! Mtu kateleza bafuni. Santuri ina kosa gani?

Na mlivunja huku mnaimba. Jirani mwingine amenisimulia: mliimba ule wimbo wa toba wa kila Jumapili, ule unaowaliza. Mnajua nani aliutunga? Pacifique, mwaka aliomzika mama yake. Aliurekodi kwa sauti yake, taratibu, kwa mwendo wa bolero. Vipande vya santuri hiyo nimeviokota mwenyewe. Mliivunja mkiuimba! Hakuna aliyesoma karatasi ya katikati, kwa kuwa ilikuwa na picha ya mwanamke anayecheza.

Damien, usitazame chini, mimi si Mchungaji. Mimi Mwislamu wa Tanga. Sina neno na wokovu wenu. Nina neno na nyundo.

Aliporudi nyumbani alinipigia simu. Hakulia. Aliuliza tu, "Ndugu Othmani, zinabakia ngapi?" Nikamwambia kumi na mbili, zile alizoniachia dukani kwangu Jules Street. Akasema, "Basi niko hai mara kumi na mbili."

Na asubuhi ya leo Mwenyekiti, kwa upole wote, kanishika mkono pale mlangoni: "Mzee Othmani, leta tu zile zinabakia, Jumapili tumalize kazi, baba apumzike safi." Eish, Mwenyekiti! Kazi gani? Mzee anatembea kwa chuma alichowekewa na madaktari, na chuma hicho sijasikia kikitolewa shukrani.

Jibu langu nalitoa mbele ya watu, asije mtu akasema hakulisikia: sizileti. Anayezitaka aje na ruhusa ya mwenyewe, kwa kinywa chake, si kwa ndoto ya jirani. Na kwa kuwa mwenyewe yupo, nilimuuliza tukiwa tunakula. Akaninong'oneza, "Piga moja. Nione nani atasimama."

Mashine ya santuri iko chini ya meza hii, na santuri moja juu yake. Mchungaji, ukipenda kutoka, mlango uko wazi na hakuna atakayekusema. Damien, wewe kaa, ndugu yangu, mikono juu ya meza niione.

Kwa chakula na uvumilivu wenu, nashukuru. Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa msikilizeni yeye.